Bega Linataka Kisu na Wewe Uko Ughaibuni: Namna ya Kumpata Daktari Dar es Salaam

Sisi tulio Dar tunaijua simu hii. Ndugu yuko Muscat, London au Minneapolis, bega limemsumbua mwaka mzima, bima ya huko inamzungusha au bei inatisha, na anauliza: "Hapo Dar nani bingwa wa bega?" Anataka jina moja, alipate sasa hivi, akate tiketi. Majina yapo. Tatizo ni kwamba chumba cha upasuaji utakaa saa mbili tatu, halafu kulirudisha bega kazini kunachukua miezi. Kwa hiyo daktari wa kumtafuta ni yule utakayeweza kuwa naye kwa muda huo, pamoja na mtu wa mazoezi, pamoja na ndugu wa kukufunga vifungo vya shati. Ndiyo maana katika mwongozo huu jina la daktari linakuja hatua ya nne.

Mimi si daktari. Mimi ni yule ndugu anayetumwa Upanga na faili la mtu.

Hatua ya 1: Jua bega lako lina nini

"Bega linauma" haimwambii daktari kitu. Kabla hujaulizia majina, pata jina la ugonjwa kutoka kwa daktari aliyekugusa, huko huko uliko, maana uamuzi wote unategemea hapo.

Kuna mabega yasiyosubiri likizo. Bega lililochomoka hurudishwa siku hiyo hiyo, hospitali iliyo karibu, baada ya kupigwa eksirei. (Na tafadhali, asikandwe mtu kwanza. Kila mtaa una mzee wa kuvuta mikono, lakini mzee hana eksirei, na bega lililochomoka huweza kuwa limevunjika pia.) Mfupa wa juu wa mkono ukivunjika na ikaamuliwa upasuliwe, madaktari hupenda ifanyike ndani ya wiki mbili hivi, kabla haujaanza kujiunga vibaya. Mtu aliyeanguka na tangu siku hiyo mkono hauinuki, huenda kano imekatika, na kano iliyokatika kwa ajali kila ikichelewa hujivuta na kuzidi kuwa ngumu kushona. Bega lililovimba, la moto, lenye homa, hilo ni la leo, si la kesho. Haya yote tibiwa hapo ulipo, hata kama bili itauma.

Halafu kuna mabega ambayo yanaonekana ya kisu na kumbe sivyo. Bega lililoganda, lile lisilozunguka hata ukishikiwa mkono na mtu mwingine, huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari wamo sana. Huchukua mwaka hadi miaka mitatu, linatesa usiku, lakini wengi hupona kwa mazoezi, dawa na pengine sindano ndani ya kifundo. Kuna pia yale maumivu ya kuinua mkono, ambayo kwa miaka mingi yalitibiwa kwa kukwangua mfupa wa juu ya bega ili kano ipate nafasi. Uingereza walifanya utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la Lancet: wagonjwa wengine walikwanguliwa kweli, wengine walitobolewa tu na kuchunguliwa kwa kamera bila kukwanguliwa chochote. Mwishoni makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kumnufaisha mgonjwa. Wafini walipata jibu kama hilo mwaka huo huo. Kwa hiyo ukiambiwa "tunaenda kukwangua mfupa tu, dakika chache", uliza kwa adabu ni kwa sababu gani hasa katika bega lako.

Hata baadhi ya mifupa iliyovunjika ni hivyo. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa 2015, ulifuatilia watu wazima waliovunjika kichwa cha mfupa wa mkono kwenye bega, mfupa ukiwa umesogea. Waliopasuliwa na walioning'inizwa mkono tu walikuwa sawasawa baada ya miaka miwili. Haina maana kwamba kila mvunjiko uachwe. Maana yake daktari anayekwambia "wako tuuache" huenda ndiye anayesoma.

Na kano zilizochanika: mtu akishapita miaka 60, kukuta kano ya bega imechanika kwenye MRI ni jambo la kawaida, hata kwa asiyeumwa popote. Picha peke yake haikupeleki kwenye kisu. Kinachokupeleka ni picha na udhaifu wa mkono na mazoezi ya miezi kadhaa yaliyoshindikana, vyote vikielekeza mahali pamoja.

Yanayobaki ndiyo ya upasuaji hasa: kijana ambaye bega limechomoka tena na tena, kano iliyokatika kwa ajali au iliyogoma mazoezi, mvunjiko wa aina fulani, na kifundo kilicholika mpaka kinahitaji bega bandia.

Hatua ya 2: Fungua kalenda kabla ya kufungua pochi

Shemeji yangu wa Muscat alinitumia sauti: "Shemeji, nimeshapata ruhusa kazini, nakuja tarehe 10 narudi 30. Nitafutie daktari mzuri, nifanyiwe hiyo kano nimalize." Nikampigia kumuuliza kazi yake ya siku ni nini. Anapanga mizigo ghalani.

Hesabu ya kano iliyoshonwa huenda hivi. Wiki nne hadi sita mkono uko kwenye mkanda wa kuning'iniza, unavuliwa kwa kuoga na kwa mazoezi ya kushikiwa. Kisha mkono unaanza kujiinua wenyewe. Mazoezi ya kuongeza nguvu huanza karibu na mwezi wa tatu. Kazi nzito ni baada ya miezi minne hadi sita, na bega huendelea kuimarika hadi mwaka. Kuendesha gari si kabla ya mkanda kuvuliwa. Kwa bega lililochomoka na kurekebishwa, au bega bandia, hesabu inatofautiana kidogo lakini umbo lake ni hilo hilo.

Siku ishirini, basi, zinatosha kwa vipimo, upasuaji na kutolewa nyuzi. Hazitoshi kitu kingine. Hiyo haimzuii mtu kuja, ila inamtaka ajue mapema nani atampokea upande wa pili. Uliza mambo matatu kwa mwajiri na bima ya huko: utapewa likizo ya ugonjwa kwa barua ya daktari wa Dar? Bima italipia mazoezi ya bega ambalo haikulipia upasuaji wake? Na likiingia usaha mwezi wa tatu, nani analipa? Majibu yakiwa "hapana" mara tatu, panga kukaa Dar miezi mitatu au panga kufanyiwa huko.

Jambo dogo ambalo watu hawaliwazi: Desemba ndugu wote mnakuja, na madaktari nao wanakwenda kwao. Mwezi wa tatu hadi wa tano ni masika. Ukiwa umefikia Magomeni au Kimara na mazoezi yako ni Upanga, Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa, na mtu mwenye mkono kwenye mkanda hawezi kuruka madimbwi.

Hatua ya 3: Huko uliko, Dar, au India

Hapa nitapita haraka kwa sababu jibu mara nyingi limeshatoka hatua ya pili.

Huko uliko, kama bima inalipa, faida kubwa ni kwamba aliyekupasua yupo kesho na keshokutwa. Uingereza unaweza hata kuona idadi: rejista yao ya kitaifa ya viungo bandia imekuwa ikiandika mabega tangu 2012, na inaonyesha kwa jina daktari anafanya mangapi. Marekani unaweza kuhakiki kama daktari wako amepasi bodi ya mifupa.

India watu wetu wanaijua siku nyingi, na kwa mabega magumu, kama bega bandia au kurudia upasuaji ulioshindikana, ina hospitali zenye wingi wa wagonjwa na uzoefu unaokwenda na wingi huo. Shida yake ni ile ile mara mbili: unakuwa mbali na daktari ukiwa Dar, na mbali zaidi ukirudi kazini kwako.

Dar ina nguvu pale ambapo una mtu wa kukuuguza, lugha huitafuti, na unaweza kukaa. Kwa mivunjiko ina uzoefu ambao miji mingi ya nje haina. Bodaboda zimehakikisha hilo.

Hatua ya 4: Sasa tafuta majina

Mahali pa kuanzia ni Upanga, kwenye Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, ambayo wote tunaiita MOI. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko eneo moja na Hospitali ya Taifa Muhimbili, na ndiko rufaa za mifupa, ubongo na uti wa mgongo za nchi nzima zinakoishia. Kwa upande wa binafsi kuna Aga Khan pale ufukweni na hospitali nyingine kadhaa. Ila usichague jengo. Madaktari bingwa wengi wa mjini wanafanya kazi hospitali ya umma mchana na kuona wagonjwa hospitali binafsi jioni, kwa hiyo mtu uliyemkuta kwenye kochi la ngozi saa kumi na mbili jioni huenda asubuhi alikuwa kwenye foleni ya watu mia.

Ukipewa jina, kagua vitu viwili. Kwanza, usajili. Bara, anayesajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Omba namba ya usajili na uulizie kama leseni yake iko hai na kama amesajiliwa kama bingwa wa mifupa. Daktari wa kweli haoni haya kuulizwa. Ubingwa wenyewe wengi wameupatia Chuo Kikuu cha Muhimbili, na wapo wenye shahada ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, chenye makao Arusha.

Pili, bega. Bingwa wa mifupa ana mwili mzima: nyonga, goti, mgongo, mkono. Kuna anayefunga vyuma vya mapaja kila siku na bega akaligusa mara chache kwa mwaka. Unayemtaka ni aliyeongeza mafunzo ya bega au ya upasuaji wa matundu madogo, na anayeendelea kulifanya. Bega bandia ni adimu kuliko nyonga na goti bandia popote duniani, kwa hiyo hapo swali la wingi lina uzito zaidi.

Nani anajua nani anafanya mabega vizuri? Watu wa mazoezi tiba. Wao ndio wanaopokea mabega baada ya kushonwa, wanajua ya nani yanazunguka na ya nani yanabaki yamekakamaa. Nenda kwenye kliniki mbili tatu za fizio, mjini na Mikocheni, uliza kila moja: "Bega lingekuwa la mama yako, ungempeleka kwa nani?" Jina likijirudia, andika. Wanaofuata kwa ukweli ni wataalamu wa usingizi na wauguzi wa chumba cha upasuaji, ukiwa na ndugu humo ndani. Nyota za mtandaoni zinapima zaidi mapokezi na maegesho.

Kuna pia kambi: madaktari kutoka nje wanakuja wiki moja, wanapasua na wenzao wa hapa, wanaondoka. Kazi yao inaweza kuwa nzuri sana, na kwa upasuaji mgumu pengine ndiyo nafasi pekee. Uliza tu ni daktari gani wa hapa atakayeandikwa kwenye faili lako kama mwenye mgonjwa, na uonane naye yeye kabla.

Hatua ya 5: Tuma picha zenyewe, si picha ya picha

Watu wanaishika filamu ya MRI dirishani, wanaipiga picha kwa simu, na kivuli cha vidole vyao juu yake, halafu wanatuma kwa WhatsApp. Hakuna anayeweza kusoma kano pale. Hospitali yako ya huko omba CD au kiungo cha kupakua, picha zikiwa katika mfumo wa DICOM, yaani faili zenyewe kama zilivyotoka kwenye mashine, pamoja na ripoti iliyoandikwa. Ongeza eksirei, maana daktari wa bega huitaka hata kama una MRI. Ongeza orodha ya dawa unazotumia, magonjwa mengine, mzio, na karatasi moja uliyoandika mwenyewe: liliumia lini na vipi, umeshafanya mazoezi kwa muda gani, sindano ngapi, na mkono unashindwa nini hasa. "Siwezi kuchukua sahani kabatini" inasema mengi kuliko "maumivu makali".

MRI ikiwa ya zamani, au imepigwa kabla ya kuanguka tena, jiandae kupiga nyingine Dar. Mashine zipo.

Kama daktari anakubali kikao cha video, chukua, lakini kisiwe cha kupanga tarehe ya upasuaji. Kiwe cha kuamua kama inafaa kusafiri.

Hatua ya 6: Siku ya kuonana, mwangalie anavyokuangalia

Nilimsindikiza shangazi kwa madaktari wawili. Wa kwanza alishika filamu, akaiinua kwenye taa, akasema "hii ni ya kushona", akaanza kuandika. Shangazi alikuwa bado amejitanda mtandio. Hajavua hata upande.

Wa pili, kijana kwa shangazi, alisimama. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Akamwomba ashushe nguo mabegani, muuguzi akiwepo, akaenda kusimama nyuma yake na kukaa kimya akiangalia misuli ya mgongo wa juu, upande na upande. Akamgeuza shingo kushoto na kulia, kwa sababu mshipa ukibanwa shingoni maumivu huja begani. Ndipo akamwambia ainue mikono yote miwili, ashuke polepole, asukume nje dhidi ya viganja vyake, apeleke mkono nyuma "kama unafunga sidiria, mama, samahani". Akagusa ngozi ya ubavu wa bega kuuliza kama inahisi sawa pande zote, huko ndiko unakopimwa mshipa mmoja wa fahamu ambao ajali na upasuaji wa bega huweza kuujeruhi. Filamu aliiangalia mwisho.

Shangazi alipotoka hakuniuliza yupi.

Maswali ya kuuliza, na usione aibu kuyasoma kwenye karatasi:

Je, nisipopasuliwa itakuwaje baada ya mwaka? Hili liwe la kwanza, na sikiliza kama analijibu au analipita.

Upasuaji huu hasa, wa aina hii, ulifanya mingapi mwaka uliopita? Namba ya kukariri haipo, lakini anayefanya mingi hajibu kwa kujiuma.

Ni wewe utakayeshika kisu mwanzo hadi mwisho? Hospitali ya kufundishia ina wanafunzi, na hiyo ni sawa, ila ujue nani anafanya nini.

Utatumia matundu madogo au utafungua? Ukikuta ndani si ulivyotegemea, mpango wa pili ni upi?

Wagonjwa wako wa upasuaji huu wamewahi kupata nini kibaya? Bega huweza kuingia usaha, kukakamaa, kano kuchanika tena, mshipa wa fahamu kujeruhiwa. Anayesema "kwangu haijawahi kutokea" ama amefanya wachache ama hawafuatilii.

Nikiwa nimesharudi nje, nitakupataje, na nani hapa atanisimamia mazoezi?

Wengi wetu tumelelewa tusimhoji daktari. Sema "naomba nielewe, daktari" na uulize hivyo hivyo. Akikasirika, umeshapata jibu ulilohitaji, kwa bei ya kumwona tu. Na maoni ya daktari wa pili si matusi kwa wa kwanza. Kwa upasuaji usio wa dharura, chukua.

Hatua ya 7: Bei iandikwe

Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, yaliyochambuliwa: daktari, mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, vipandikizi, kulazwa, dawa, vipimo, mazoezi. Bei moja ya jumla ndiyo inayokuja kuzaa "nyongeza" siku ya kutoka. Uliza kama wenye pasipoti ya nje wana bei yao.

Kitakachosumbua ni vipandikizi: vile vijinanga vya kufungia kano, sahani na skrubu, au bega bandia lenyewe. Huagizwa kwa saizi na aina, na si kila siku vipo stoo. Kwenye hospitali moja, sitaitaja, jirani yetu alishinda njaa toka usiku, akavalishwa gauni, saa tano asubuhi akaambiwa kifaa hakijafika. Uliza siku tatu kabla: kipo jengoni? Saizi ya juu na ya chini zipo pia?

Malipo yapite kwenye kaunta. Hospitali za umma hukupa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa benki au simu, na risiti inatoka. Hospitali binafsi inakupa risiti yake. Pesa inayoombwa kuingia kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni mpole kiasi gani, usitume. Na kama bima yako ya nje imekubali kulipa, barua ya ridhaa yao itangulie wewe kupanda ndege, kwa sababu wengi watakutaka ulipe kwanza ndipo wakurejeshee.

Hatua ya 8: Andaa mwili, na onana na mtu wa usingizi

Sukari iwe imetulia. Ulizia kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, si cha asubuhi moja tu uliyokula vizuri. Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, kano ya mvutaji inashika kwa shida. Dawa za kuyeyusha damu zisisimamishwe kwa ushauri wa WhatsApp, aseme daktari ni lini.

Mtaalamu wa usingizi watu hukutana naye wakiwa kwenye kitanda cha magurudumu, wakati wa kuuliza umeshapita. Omba kumwona siku moja kabla. Upasuaji wa bega mara nyingi huenda na sindano ya ganzi shingoni, nzuri sana kwa maumivu ya usiku wa kwanza, lakini hulegeza kwa muda nusu ya kiwambo cha kupumulia. Mzima hataona kitu. Mwenye pumu kali, mapafu mabovu au uzito mkubwa amwambie, maana ana njia nyingine. Mkono pia utakufa ganzi saa kadhaa, wakati mwingine hadi siku ya pili. Usishtuke, na usiuweke karibu na chai ya moto.

Hatua ya 9: Nyumba ya kufikia ni sehemu ya matibabu

Ndugu watagombania ufikie kwao. Fikia palipo karibu na mazoezi, si penye chakula kitamu. Mbagala hadi Upanga kwa bajaji, na bega la wiki moja, ni mateso unayolipia. Daladala sahau, hakuna mkono wa kushikia bomba.

Utalala umeegemea mito, nusu umekaa, kwa wiki kadhaa. Andaa mito minne na mashati ya vifungo vya mbele. Kama choo ni cha kuchuchumaa, jaribu kabla kuinuka kwa mkono mmoja. Kama bega ni la mkono wa kulia, jua utakula kwa kushoto mbele ya watu, mweleze bibi mapema yaishe. Na wageni: watakuja wengi, na kila mmoja atataka kukushika bega kukupa pole. Mkalishe mtu mlangoni.

Rudi hospitali bila kusubiri kliniki ukiona homa, usaha au kidonda kulowa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kupoa au kufa ganzi baada ya ganzi kuisha, kifua kubana, au mguu mmoja kuvimba. Homa Dar ina pande mbili. Ukikaa ughaibuni miaka, ile kinga uliyokuwa nayo ya malaria hupungua, kwa hiyo pima malaria, na hata ikionekana, bado mwonyeshe daktari kidonda. Chandarua ni cha lazima, hasa kwa mtu asiyeweza kuua mbu kwa mkono wa pili.

Kuna kijidudu kinachopenda ngozi ya bega na kwapa kiitwacho Cutibacterium acnes. Kinakua polepole mno, maabara huotesha sampuli hadi siku 14 ndipo waseme hakipo. Matatizo yake yanaweza kujitokeza miezi baadaye, bila homa, bega likiuma na kukakamaa tu. Kumbuka jina hilo, daktari wako wa nje atakapokwambia "ni kawaida" mwezi wa sita, mtajie.

Hatua ya 10: Usipande ndege bila karatasi hizi

Muulize daktari tarehe ya kuruka, usiifuate tiketi. Safari ndefu baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kwako anaweza kutaka soksi za kubana au sindano. Omba kiti cha pembeni chenye bega lako upande wa ukuta wa ndege, asiligonge mpita njia.

Kisha ukusanye: ripoti ya upasuaji yenyewe, si muhtasari wa kuruhusiwa peke yake, picha za eksirei za baada ya upasuaji, majibu ya maabara kama yapo, na stika za vipandikizi. Kila kifaa huja na stika yenye jina la kampuni, saizi na namba ya toleo, na muuguzi huzibandika kwenye faili. Omba zipigwe picha au upewe nakala. Miaka kumi mbele, mtu akitaka kukupiga MRI au kubadilisha kifaa, atauliza hicho hicho, na faili la Upanga litakuwa ghalani.

Mwisho, barua ya mazoezi kwa fizio wa nje. Iandikwe kwa Kiingereza au lugha ya huko, iseme nini kilishonwa, kwa kitu gani, na mpaka wiki ya ngapi mkono usiinuliwe wenyewe, usizungushwe nje, usibebe. Bila barua hiyo fizio ataogopa na kukuacha umekakamaa, au atajiamini na kukuchana. Piga miadi yake kabla hujaondoka huko kuja Dar, maana foleni za huko unazijua. Na kwa daktari wako wa hapa panga tarehe kabisa za kuongea kwa video, wiki ya sita na mwezi wa tatu, saa ya Dar iandikwe pembeni ya saa yako.